Tuzo za idara ya Kifaransa na Kiitaliano: kamati inavyosoma faili lako

Mwanafunzi anayeongoza darasa kwa alama anaweza kukosa tuzo ya idara, na mara nyingi kilichomwangusha ni faili alilowasilisha. Kamati haikuwa darasani. Haijui ulivyouliza maswali wala ulivyopiga hatua. Ina karatasi tu mbele yake.

Katika vyuo vikuu vya Marekani, idara za Kifaransa na Kiitaliano kwa kawaida hutoa tuzo kuelekea mwisho wa mwaka wa masomo, mahafali yakiwa yamekaribia: insha bora, mhitimu bora, ruzuku ya kwenda kusoma ng'ambo, na ufundishaji bora kwa wanafunzi wa uzamivu wanaofundisha madarasa ya lugha. Kila tuzo ina jicho lake. Kupeleka faili lilelile kwa zote ni kujinyima.

Tuzo ya insha ndiyo inayopotezwa kizembe kuliko zote. Insha iliyopata A darasani bado ni rasimu. Iliandikwa kwa mhadhiri aliyetoa swali mwenyewe, kwa hiyo aya ya kwanza huanzia katikati ya mazungumzo. Iandike upya ili msomaji mgeni ajue tangu mwanzo unazungumzia kazi gani, unauliza nini na unadai nini. Kisha futa muhtasari wa hadithi. Wanakamati wengi wameisoma riwaya hiyo. Wanachotafuta ni namna unavyosoma sentensi zake. Nukuu ziache katika lugha ya asili, na kila nukuu ifuatwe na uchambuzi wake.

Baada ya hapo, lugha. Soma mara moja ukitafuta aina moja tu ya kosa, halafu urudi kwa nyingine. Kwa Kifaransa, angalia kwamba bien que (ingawa) inafuatwa na subjonctif, umbo tegemezi la kitenzi, na kwamba après que (baada ya), kwa kanuni ya sarufi, inafuatwa na indicatif, umbo la taarifa ya kawaida. Wengi huzichanganya kwa sababu avant que (kabla ya) inadai subjonctif. Angalia upatanisho kama katika les lettres qu'elle a écrites, ambapo écrites inafuata lettres. Alama za kunukuu ziwe « », na nafasi ndani yake. Kwa Kiitaliano, perché ina alama inayopanda na cioè ina inayoshuka. Qual è haina apostrofi, ilhali un po' inayo. Mwanzoni mwa sentensi andika È, si E yenye apostrofi. Ukisimulia kwa passato remoto, wakati uliopita wa masimulizi, usirukie passato prossimo, wakati uliopita wa mazungumzo, bila sababu.

Wanaosoma lugha zote mbili wana mtego wao. Salire ya Kiitaliano ni kupanda, salir ya Kifaransa ni kuchafua. Morbido ya Kiitaliano ni laini. Morbide ya Kifaransa inahusu maradhi. Makosa haya hayaonekani na programu ya kukagua tahajia, maana kila neno lipo kweli katika lugha yake. Mpe mtu mwingine asome kwa sauti.

Barua ya mapendekezo iombwe angalau wiki tatu kabla. Mwombe aliyekufundisha darasa la juu na kusoma kazi zako ndefu, hata kama si mwenye cheo kikubwa. Mpe insha yenyewe, maelezo ya tuzo, tarehe ya mwisho na njia ya kuituma barua. Barua inayosema tu kwamba una bidii haina uzito. Inayotaja hoja mahususi ya insha yako ndiyo inayokumbukwa. Kwa tuzo ya ufundishaji, ongeza andalio la somo moja na kazi ya wanafunzi iliyotokana nalo. Tathmini za wanafunzi peke yake hazionyeshi unavyofundisha.

Uanachama wa Pi Delta Phi, chama cha heshima cha Kifaransa kilichoanzishwa Berkeley mwaka 1906, ni kitu tofauti: hushindani na mwenzako, unatimiza masharti ya alama na ya madarasa ya juu. Kwa Kiitaliano kipo Gamma Kappa Alpha. Uliza mapema, kwa sababu si kila idara ina tawi.

Cheti cha nje huimarisha faili lolote. DELF B2, cheti cha Kifaransa cha ngazi ya kati ya juu, hupatikana kwa alama 50 kati ya 100, lakini ukipata chini ya 5 kati ya 25 katika sehemu yoyote unafeli hata jumla ikitosha. CILS, cheti cha Kiitaliano cha chuo kikuu cha Siena, ngazi ya B2, ni kali zaidi: 11 kati ya 20 katika kila moja ya sehemu tano. Ndiyo maana huko ni hatari kutegemea uandishi mzuri ikiwa huzungumzi vizuri.

Tuzo ndogo ya idara huonekana baadaye, unapoomba Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani wa masomo na ufundishaji ng'ambo, au TAPIF, mpango wa wasaidizi wa lugha nchini Ufaransa wenye saa 12 kwa wiki kwa miezi saba, kuanzia Oktoba. Kwenye wasifu wako usiandike jina la tuzo pekee, hasa ikiwa imepewa jina la mfadhili asiyejulikana nje ya chuo. Andika jina kama lilivyo, idara, mwaka, na kwa maneno machache kilichopimwa: insha ya kurasa ngapi, kwa lugha gani, kuhusu nini.