Mwembe Ulioanguka Uani Una Mbao Nzuri, Ukiuwahi

Masika ya Dar es Salaam huangusha miembe. Udongo wa kichanga ukishiba maji, mizizi hukosa pa kushika. Kesho yake shina limeshakatwa vipande vifupi, linakwenda kuwa kuni au mkaa. Inaniuma, maana shina hilo lina mbao za meza, vitanda na makabati: kahawia ya dhahabu, mara nyingine yenye michirizi myeusi inayopendeza mno. Ila mwembe hausubiri. Gogo likilala wiki mbili kwenye joto na unyevu wetu, kuvu ya bluu, inayotia mbao doa, imeshaingia na bungua wameshatoboa.

Kama mti umelalia nyaya, usiuguse mpaka TANESCO wakate umeme. Toa taarifa serikali ya mtaa, na kama magogo yatatoka kwenye kiwanja chako, ulizia kwanza TFS, wakala wa huduma za misitu, kuhusu kibali cha kusafirishia.

Mti uliong'oka na mizizi ni hatari kuliko uliosimama. Ukishatenganisha shina, kisiki kinaweza kurudi shimoni kwa kishindo, kwa hiyo asisimame mtu humo, na watoto wakae mbali. Shina lililoegemea ncha zote mbili na kuning'inia katikati limebanwa juu na kuvutwa chini. Anza kukata juu, theluthi ya unene, kisha malizia kutoka chini. Ukikata juu tu, msumeno unang'ang'aniwa. Vaa glovu, mikono mirefu na barakoa, kwani mwembe ni ndugu wa mkorosho na utomvu wake huwasha ngozi.

Kila gogo lizidi urefu unaoutaka kwa sentimita 15 kila upande. Siku hiyohiyo paka ncha zote rangi nzito ya mafuta, mara mbili. Maji hutoka kwenye ncha haraka kuliko ubavuni. Ncha isipozibwa inasinyaa kabla ya katikati, inapasuka, na ufa unakula mbao yako. Matawi yaache yawe kuni, kwani mbao zake hupinda vibaya. Lakini panda, pale shina linapogawanyika, itunze: nyuzi zake zimesukana na hutoa mapambo ambayo hutayapata popote kwingine kwenye mti huo.

Gogo la kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 2.4 lina karibu mita za ujazo 0.68, na likiwa bichi linapita nusu tani. Ni rahisi kumleta mpasuaji uani kuliko kulipeleka gogo kwake. Kabla hajaanza, kagua mita mbili za chini: mwembe wa uani umepigiliwa misumari ya kamba za nguo kwa miaka mingi, na mingine imemezwa na gome. Pasua milimita 30 ukitaka 25 baada ya kukauka na kupigwa randa. Moyo wa gogo, yaani kiini chembamba cha katikati kabisa, utoe wote. Mbao yoyote iliyoubeba itapasuka katikati.

Bungua wanafuata wanga uliomo kwenye mbao. Changanya gramu 600 za boraksi na gramu 400 za asidi ya boriki kwenye lita 10 za maji ya moto, na uzamishe mbao zingali mbichi. Dawa huingia ndani zaidi mbao zikibanwa pamoja chini ya turubai wiki mbili, lakini kuvu ya bluu nayo itashamiri humo. Mimi naona doa ni afadhali kuliko unga wa bungua. Anayetaka mbao safi zisizo na doa azipange zikauke siku hiyohiyo, akijua kinga yake ni ya juujuu.

Panga kivulini, juu ya matofali, sentimita 40 kutoka chini. Weka vijiti vikavu vya milimita 25 kila sentimita 45, vikipangana wima. Kijiti kilichopotoka mstari kinapinda mbao zote zilizo juu yake. Funika kwa bati, acha pande wazi, weka mawe juu. Jua la moja kwa moja litazipasua.

Kujua kama zimekauka, kata kipande kidogo mbali na ncha, kipime, kikaushe kwenye oveni nyuzi 103 mpaka uzito usibadilike. Kikitoka gramu 184 hadi 160, tofauti ya 24 ukigawa kwa 160 ni unyevu wa asilimia 15. Hapo ndipo hewa ya Dar itakapokufikisha, na inatosha kwa chumba chenye madirisha wazi. Chumba cha kiyoyozi kinavuta hadi karibu asilimia 10, kwa hiyo ziache mbao humo wiki kadhaa kabla ya kuunga meza, na uso wa meza ufunge kwa skrubu zinazopita kwenye matundu marefu upate nafasi ya kusinyaa. Nje usiupeleke mwembe kabisa: mvua huosha dawa, na mchwa wanaupenda.