Mkumbo haumbebi kila mtu

Mwanafunzi wa saikolojia ya jamii, elimu ya jinsi watu wanavyoathiriana, akitaja somo lake barazani, Mji wa Kale, Mombasa, hakosi kujibiwa: "Hiyo nayo ni elimu? Kila mtu ajua watu hufuata wenzao."

Sawa, lakini wangapi hufuata, na kwa nini? Miaka ya 1950, mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani aliwaonyesha vijana mstari mmoja, kisha akawataka wautaje unaolingana nao kati ya mingine mitatu. Jibu lilikuwa wazi. Ila kikundi kizima, isipokuwa mtu mmoja, kilikuwa kimepangwa kitoe jibu la makosa mara 12. Karibu theluthi ya majibu ya yule asiyejua mchezo yalifuata kosa. Hiyo theluthi ndiyo inayotajwa kila mahali. Kinachosahaulika ni kwamba takriban robo ya waliopimwa hawakuyumba hata mara moja, na kwamba akipatikana mwenzao mmoja tu wa kusema kweli, kufuata kosa kulipungua sana. Baadhi walieleza baadaye kuwa jibu sahihi waliliona vizuri, waliogopa kuchekwa. Wengi wape, basi wakawapa, lakini kwa mdomo tu.

Wengine barazani husema: "Wanaoyumbishwa ni wasiosoma." Vijana wa Asch walikuwa wanafunzi wa chuo. Na tazama stejini: gari tupu halipandwi, kwa hiyo wapo makondakta wanaolipa vijana wakae ndani lionekane linakaribia kujaa. Ukishaketi, wanashuka mmoja mmoja. Mwalimu hunaswa, wakili hunaswa.

Husemwa pia: "Penye umati hakuna atakayekusaidia." Imani hii ina mizizi mirefu. Mwaka 1964 Kitty Genovese aliuawa New York, na gazeti likadai mashahidi 38 walitazama tu. Habari ilitiwa chumvi: walioona vizuri walikuwa wachache, na mmoja alipiga kelele dirishani hadi mshambuliaji akaondoka kwa muda. Hata hivyo kisa hicho kiliwasukuma wanasaikolojia Bibb Latané na John Darley kufanya utafiti wa maana. Mwaka 1968 walipenyeza moshi chumbani watu wakijaza fomu. Kati ya waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa taarifa. Kati ya walioketi kila mmoja na wawili waliopangwa kujikausha, asilimia 10 tu. Si roho mbaya. Kila mmoja humtazama mwenzake kujua kama pana hatari, na wote wametulia!

Hatari ikiwa dhahiri mambo hubadilika. Utafiti wa mwaka 2019 uliochambua picha za kamera za ugomvi 219 mitaani Amsterdam, Lancaster na Cape Town ulikuta kwamba mara 9 kati ya 10 mtu aliingilia kati, na watu walipozidi, uwezekano wa msaada ulizidi. Kwa hiyo mtu akizirai kwenye feri ya Likoni, ifanye hatari iwe dhahiri: usiulalamikie umati, mwelekee mmoja: "Kaka wa kanzu nyeupe, hebu nishikie miguu."

Kuhusu jaribio la 1971 la gereza la kuigiza katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambamo vijana waligawanywa kuwa walinzi na wafungwa, linalodaiwa kuthibitisha kwamba sare pekee humgeuza mtu katili, mimi silitegemei. Kuna kanda ambamo msaidizi wa utafiti anasikika akimhimiza mlinzi mmoja awe mkali zaidi.