Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa utabibu humwelewa aliyemtangulia upesi kuliko daktari bingwa?

Ukipita wodi za Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, mjini Mtwara, raundi ya asubuhi ikiwa imekwisha, si ajabu kukuta wanafunzi wamebaki kando ya kitanda. Bingwa keshaondoka. Wa mwaka wa tatu ndiye anayewarudia wadogo zake somo, na wanamwelewa. Ujuzi wake haufiki hata robo ya ule wa bingwa. Sasa inakuwaje?

Chukua kupima bandama. Mtwara ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya malaria nchini, na malaria inayojirudia huweza kuivimbisha bandama, kwa hiyo mwanafunzi wa huku lazima aijue kwa vidole, si kwa daftari tu. Bandama imejificha chini ya mbavu za kushoto, na anayeanza hukimbilia hukohuko. Kumbe ikivimba sana hushuka kimshazari, ikipita kitovu kuelekea chini kulia. Ukianzia mbavuni, kiganja kinatua juu ya bandama yenyewe, vidole havikuti ukingo, nawe unaandika kwamba tumbo halina tatizo. Bingwa huanzia chini kulia na kupanda taratibu. Mkono wake umezoea mno, hata hakumbuki kwamba hilo ni jambo la kusemwa. Dada wa mwaka wa tatu analisema, maana mwaka jana alikwama papo hapo: “Msalimie bibi kwanza, pasha mikono joto. Anzia huku chini kulia. Mwambie avute pumzi, usimbinye, subiri ukingo uje wenyewe kwenye vidole.”

Usahaulifu huu wa wajuzi umewahi kupimwa. Mwaka 1990, Elizabeth Newton wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwataka watu wagonge mezani mdundo wa nyimbo zinazojulikana sana, wenzao wabashiri ni wimbo gani. Wagongaji waliamini nusu ya nyimbo zingetambuliwa. Kati ya nyimbo 120, zilitambuliwa 3 tu. Mgongaji anausikia wimbo mzima kichwani, ilhali msikilizaji anasikia ko-ko-ko. Bingwa wa miaka 20 kazini ndiye mgongaji huyo. Mwanafunzi aliyemtangulia mwenzake mwaka mmoja au miwili bado anakumbuka ilivyokuwa kusikia ko-ko-ko.

Halafu kuna woga. Bingwa akiuliza “Mmeelewa?”, wodi nzima huitikia “Ndiyo, daktari,” hata wale walioachwa njiani. Ni heshima tuliyolelewa nayo, na siilaumu. Lakini kwa kaka au dada wa chuoni mtu anathubutu kuuliza swali lilelile mara ya tatu.

Anayefundisha naye anavuna, pengine kuliko anayefundishwa. Mwaka 2006, wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwasomesha wanafunzi vifungu vya habari. Baadhi walirudia kuvisoma, wengine waliandika wanachokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza kidogo. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: walioandika kutoka kichwani walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Kumwelekeza mwenzako bila kushika daftari ni kazi hiyohiyo ya kuchota kichwani. Ndiyo maana naona vyuo vyetu vinakosea kuiachia diskasheni usiku wa kuamkia mtihani, wakati sapu, yaani mtihani wa marudio, imeshaanza kunukia. Iwekewe saa yake kwenye ratiba, tangu wiki ya kwanza ya muhula.

Dozi za dawa ni habari nyingine kabisa. Artesuneti ya sindano kwa malaria kali, mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wake, na wenye kilo 20 au zaidi miligramu 2.4 kwa kila kilo. Aliyeshika tarakimu moja tu akawapa wenzake, kosa lake linaenea darasa zima, na wote wanalisema kwa kujiamini. Hapo mkubwa na mdogo wafungue mwongozo wa matibabu pamoja, na wakibaki na shaka wamfuate mkufunzi kabla dawa haijavutwa kwenye bomba la sindano.