Steringi mwenye deni: mwanajeshi wa kwenye muvi "anajikomboa" kutoka kwenye nini?

Ukisoma maelezo ya muvi za ekshen mara nyingi unakutana na mstari huu, mwanajeshi wa zamani mwenye matatizo anatafuta kujikomboa, na wengi huwa tunaupita tu maana tushajua kutakuwa na bunduki, magari yatalipuka, steringi atawamaliza maadui mmoja mmoja basi. Lakini hilo neno kujikomboa ndo limebeba stori nzima, na mi naamini ndo sababu muvi moja inakutoa machozi afu nyingine yenye risasi zilezile unaisahau kabla hujafika nyumbani.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili chetu kukomboa kitu ni kukitoa rehani. Umebanwa na shida, ukapeleka baiskeli au cheni ya mama au hati ya shamba kwa mtu akakupa hela, siku ukizipata unarudi unalipa unachukua chako, hapo umekomboa. Sasa angalia vizuri, kile kitu kilikuwa chako toka mwanzo, wewe mwenyewe ndo ulikitoa mikononi mwako, na hakirudi bure. Mwanajeshi wa hizi stori alichoweka rehani ni utu wake. Labda aliua watu ambao hawakustahili kufa, labda alitii amri ambayo moyoni alijua kabisa sio, au aliwaacha wenzake porini yeye akarudi mzima, na toka siku hiyo anakula analala anakunywa pombe lakini anaishi kama mtu ambaye nafsi yake imefungiwa kwenye kabati la mtu mwingine.

Watu wanachanganya hili na toba. Madrasa tulifundishwa toba ina masharti, uache lile kosa, ulijutie, uazimie kutorudia, na kama ulichukua haki ya mtu umrudishie mwenyewe au umwombe akuhalalishie. Msamaha nao uko mikononi mwa uliyemkosea, yeye ndo anatoa au ananyima, huwezi kujisamehe kwa niaba yake. Na hapo ndo mwanajeshi wetu anakwama kabisa, kwa sababu aliyemkosea keshakufa, yuko kwenye kaburi lisilo na jina nchi ya mbali, hamna wa kumrudishia haki na hamna wa kumwomba radhi. Deni lipo, mdai hayupo. Kwahiyo anachofanya ni kulipa kwa mtu mwingine ambaye hata hamdai, na mara nyingi huyo mtu ni mtoto.

Mfano wangu mkubwa ni Man on Fire ya mwaka 2004, ile ya Denzel Washington. Anaitwa Creasy, aliwahi kuwa mwanajeshi wa kikosi cha Marine cha Marekani afu akafanya kazi za siri za kuua watu, anafika Mexico kwa rafiki yake wa zamani amechoka mlevi hana mbele wala nyuma, na mapema kabisa anamuuliza yule rafiki kama Mungu atakuja kuwasamehe kwa waliyoyafanya, rafiki anamjibu hapana, naye anakubali kwamba hapana. Mwelekezaji hakutuonyesha waliyoyafanya, hamna hata kipande kimoja cha kurudi nyuma kwenye vita, ni lile swali tu na sura ya Denzel, na inatosha. Anapewa kazi ya kumlinda binti wa miaka tisa anaitwa Pita. Usiku mmoja anajaribu kujiua, risasi inagoma kutoka, anabaki ameishika mkononi.

Pale kibanda umiza nilipoiangalia mara ya kwanza tulikaa kwenye benchi za mbao, na fundi wa kuweka muvi alikuwa na tabia ya kupeleka mbele sehemu zote zisizo na mapigano ili watu wasilalamike hela yao. Nimekuja kuiona yote miaka baadaye nikagundua alichokuwa anakiruka ndo muvi yenyewe. Pita ni muogeleaji lakini anachelewa kuruka majini kwa sababu mlio wa bastola ya kuanzishia unamshtua. Creasy anamfundisha, anamrudisha tena na tena, anamwambia asiuogope ule mlio, ule mlio ndo unamfungua. Huyu ni mtu ambaye maisha yake yote akifyatua risasi mtu anakufa, sasa anamfundisha mtoto kwamba mlio wa bunduki ni ruhusa ya kwenda, na mtoto anashinda mashindano. Hapo ndo kukombolewa kunatokea, pembeni ya bwawa la kuogelea, kabla ya mtu yeyote kutekwa. Pita anampa cheni ya Mtakatifu Yuda, ambaye Wakatoliki wanamwomba kwa mambo yaliyokatiwa tamaa, na jamaa anaivaa.

Afu Pita anatekwa, na kuanzia hapo Creasy anaua watu kwa zamu kwa njia za kutisha. Wengi wanadhani hicho ndo kujikomboa kwake, mi nakataa. Kile ni kisasi. Kisasi kinamrudisha kulekule alikotoka, kwenye kazi anayoijua, na kinaongeza deni badala ya kulipunguza. Utofauti unauona mwisho pale darajani, ambapo haendi na bunduki, anajitoa yeye mwenyewe wabadilishane na binti aliye hai, anamkumbatia, anamwambia arudi kwa mama yake, anakufa ndani ya gari ya maadui. Inasaidia kujua kwamba kwenye kitabu cha mwaka 1980 kilichozaa hii muvi, ambacho stori yake iko Italia, binti ndo anakufa na jamaa anabaki hai. Ukisoma kitabu unapata stori ya kisasi. Muvi ikageuza, mtoto akaishi mzee akafa, na kwa kugeuza hivo tu ikawa stori ya kukomboa.

Na hii hali haijatungwa na watu wa Hollywood. Wanajeshi wa Marekani walivyorudi kutoka Vietnam walirudi na majinamizi, hasira, ulevi, na mwaka 1980 chama cha madaktari wa akili wa nchi hiyo kikaingiza rasmi ule ugonjwa wa mshtuko wa baada ya matukio ya kutisha kwenye mwongozo wake. Lakini daktari Jonathan Shay, aliyekuwa anawatibu hao wastaafu Boston, miaka ya 90 akaandika kwamba kuna jeraha lingine ambalo chanzo chake sio woga. Mtu anaumia kwa sababu kile alichokijua kuwa ni haki kilivunjwa, na aliyekivunja ni mkubwa wake mwenye mamlaka. Watafiti waliokuja baadaye wakaongeza na yale ambayo mtu aliyafanya kwa mikono yake. Tuliite jeraha la dhamiri. Mwenye mshtuko anaogopa lile tukio lisirudi, mwenye jeraha la dhamiri anajiogopa yeye mwenyewe, na ukimwambia "pole, yamepita" unamuumiza zaidi maana kwake hayajapita, hayajalipwa.

Ndo maana namwonea huruma sana Rambo, yule ambaye huku kwetu jina lake lilienda mpaka kwenye mifuko ya plastiki tuliyobebea nyanya hadi ilipopigwa marufuku Juni 2019. Tunamkumbuka na mishale inayolipuka, ila ile ya kwanza ya 1982, First Blood, inaanza na mtu anayetembea kwa miguu kumtafuta mwenzake wa kikosi, anaambiwa na mwanamke anayemkuta nyumbani kwa huyo mwenzake kwamba keshakufa kwa kansa iliyotokana na zile sumu walizomwagiwa vitani. Anaingia mji mdogo, polisi wanamnyanyasa, vita inaanza upya, na mwisho anakaa chini analia mbele ya kanali wake akisimulia rafiki yake alivyolipuliwa na bomu. Kwenye kitabu kilichozaa hii First Blood, Rambo anakufa, na hata kwenye muvi walipiga mwisho wa kumuua wakaubadilisha, anajisalimisha. Huyu hakukomboa kitu, hakupata Pita wake. Alipata mtu mmoja tu wa kumsikiliza, amechelewa.

Sasa linganisha na Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, ambako maelfu ya vijana walitekwa wakafanywa wapiganaji wa LRA, lile kundi la waasi la Joseph Kony. Aliyerudi kutoka porini anakanyaga yai bichi mlangoni kabla hajaingia nyumbani, na kwa mauaji kuna mato oput, ukoo wa aliyeua unakubali kosa, unalipa fidia kwa ukoo wa aliyeuawa, afu pande mbili zinakunywa pamoja mzizi mchungu wa mti wa oput. Hapo marehemu hayupo lakini ndugu zake wapo, wana sura, wana sauti ya kukubali au kukataa, na anayelipa haendi peke yake, anaenda na ukoo wake.

Creasy hana ukoo. Rafiki yake mmoja ana kosa lilelile, na watu aliowaua hakuna hata mmoja ambaye ndugu zake wanajua pa kumpata. Kwahiyo ukikaa kuangalia muvi ya namna hii usihesabu maiti, mwangalie anamlipa nani na anatoa nini, na kama fundi wa kibanda anataka kupeleka mbele ile sehemu ya bwawani mwombe aiache.