Eneo Lisilokutwa na Bomu Si Hela Iliyopotea

Juzi hapa Morogoro mgeni kaniuliza tena, panya buku wetu wa kunusa mabomu akiwa bado begani kwangu: "Huko Msumbiji mlitegua mabomu ya ardhini mangapi?" Nikamweleza kuhusu shamba moja la jimbo la Gaza tulilolikagua lote tusikute hata bomu moja. Akaguna. "Kumbe hela za wafadhili zilikwenda bure."

Hazikwenda bure, na hili limenichosha kuliko yote. Hesabu ya kazi hii ni mita za mraba. Shamba lenye bomu moja hukaguliwa sawa na lenye mia, maana hakuna ajuaye hilo moja limelala wapi. Mteguaji hupiga magoti, hupitisha kigunduzi cha chuma, kinalia. Huanza kufukua kutoka pembeni, kidogo kidogo, jasho likimtiririka chini ya kioo cha kofia, mpaka kitu kionekane: kifuniko cha kopo. Anasogea mbele kidogo, kinalia tena. Msumari. Bomu lenyewe liliuzwa dola chache tu. Gharama yote iko kwenye hivi vifuniko na misumari.

Sasa mfadhili anayedai idadi ya mabomu kwenye ripoti huwasukuma watu kukimbilia penye mengi, huku bomu moja la njia ya kisimani likiachwa lisubiri. Mkulima naye halimi kwa kubahatisha. Mtu mmoja akikatika mguu, kilima kizima huhamwa.

Tazama Msumbiji yenyewe. Amani ya kumaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe ilitiwa saini Roma Oktoba 1992. Mkataba wa Ottawa, ule wa kupiga marufuku mabomu ya ardhini, uliipa mpaka 2009 kumaliza, muda ukaongezwa, na nchi ikatangazwa huru na mabomu tarehe 17 Septemba 2015. Watu husema miaka yote hiyo fedha zililiwa. Waulize kwanza ramani za mabomu zilikuwa wapi! Wakoloni Wareno walitega, Frelimo waliopigania uhuru wakatega, waasi wa Renamo wakatega: kwenye nguzo za umeme, madaraja, reli, njia za vijijini. Shirika la kutegua mabomu la HALO Trust peke yake lilitoa mabomu zaidi ya 171,000.

Ningekuwa mimi natoa hela, fungu la kwanza ningelipeleka kwenye kuuliza. Kaa na wachunga mbuzi, kaa na akina mama waokota kuni, uliza nani aliumia, mwaka gani, wapi hapalimwi na kwa nini. Maswali hayo yakifanywa vizuri, eneo kubwa lililoandikwa kuwa hatari linafutwa kwenye orodha bila kuchimbwa, na hela inabaki kwa penye shaka ya kweli. Wafadhili hawaipendi sana kazi hii kwa sababu haina picha ya mlipuko.

Mengine wanayosema watu niyamalize haraka.

"Mabomu yameshaoza." Mengi yana ganda la plastiki, na baruti ndani hudumu miongo. Yanaua wajukuu wa waliopigana.

"Ng'ombe wamepita, pako salama." Ng'ombe amekanyaga pale alipokanyaga, basi. Hatua moja pembeni hujui.

"Nchi husika hukaa tu ikisubiri wazungu." Angola mwaka 2019 ilitenga dola milioni 60 zake yenyewe kusafisha ardhi ya hifadhi kusini mashariki.

"Panya wenu wanalipuka." Panya buku ana kilo moja hivi, hafikii uzito wa kulilipua bomu. Tunatoka naye alfajiri kabla jua halijawa kali, tumempaka mafuta ya kukinga jua masikioni na mkiani. Anatembea kwenye kamba kati ya watu wawili, akinusa. Msumari na kifuniko cha kopo havimshughulishi, anatafuta harufu ya baruti tu. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa hivi, ambapo mtu mwenye kigunduzi anaweza kuhitaji hata siku nne. Akiipata harufu anakwaruza ardhi, anapewa ndizi yake, na mteguaji ndiye anayekuja kufukua.