Milimita 67 si kosa la Mchina

Habari ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, haikai saa moja mtandaoni kabla hajatokea mtu wa kuandika: "Wachina walikosea geji, ndiyo maana reli imekufa." Geji ni upana kati ya vyuma viwili vya njia. Safari hii kaandika mhandisi wa barabara ambaye namheshimu, na chini yake watu mia wakamshangilia. Nimenyamaza mara nyingi. Leo sinyamazi.

Vipimo kwanza. Reli ya Kati, ile aliyoianza Mjerumani Dar es Salaam 1905 na kufika Kigoma 1914, ina milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA ina 1,067, yaani 67 zaidi. SGR, reli mpya ya kisasa, ina 1,435. Mji mmoja unatoa njia tatu, na kila moja na geji yake. Ukitaka kucheka, cheka, hata mimi hucheka. Ila ukishamaliza, jiulize: reli ya TAZARA ilijengwa ili iungane na nani?

Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wake Rhodesia, na shaba ya Zambia ilikuwa inapita mlangoni kwake kwenda baharini. Benki ya Dunia ilikuwa imeshasema reli ya kwenda Dar haitalipa. Nyerere na Kaunda wakaenda kwa Mchina. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, ukafuatiwa na mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. (Mkopo, jamani, si zawadi. Hilo nalo linanichosha, ila ni la siku nyingine.) Ujenzi ulianza 1970, na mwaka 1976 njia yote ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilikabidhiwa.

Sasa Kapiri Mposhi kuna nini? Kuna reli ya Zambia, na reli ya Zambia ni 1,067, sawa na ya Zimbabwe, ya Kongo upande wa Katanga, ya Afrika Kusini, na ile ya Benguela inayoishia Lobito kule Angola. Behewa la TAZARA likifika Kapiri linafungwa kwenye kichwa kingine cha treni na kuendelea, bila mtu kugusa mzigo. Kusini nzima inatembelea geji hiyo. Na Mchina kwao anatumia 1,435. Angekuwa anafuata mazoea yake, tungekuwa na SGR tangu enzi za Azimio la Arusha. Alijenga 1,067 kwa sababu mteja alikuwa shaba, na shaba ilikuwa upande ule.

Tungejenga ya mita ili tuungane na Reli ya Kati, kazi ya kupakua na kupakia upya ingehamia Kapiri, na ingekuwa ya kila tani ya shaba. Geji zinapokutana lazima mtu mahali fulani atoe jasho. Walioamua walilisogeza jasho hilo mbali na mzigo mkubwa. Hayo ni mahesabu, na yalikuwa sahihi.

Halafu linakuja lile linalonipandisha presha: "Si wasogeze chuma kimoja milimita 67 tu?" Tu! Mataruma ya TAZARA, yale yanayolala chini ya vyuma na kuvishika, ni ya zege. Mahali chuma kinapokaa pameshamiminwa kiwandani pamoja na vishikizo vyake. Taruma la mti unaweza kulitoboa upya, la zege ukilitoboa pembeni umeliua. Kwa hiyo kusogeza chuma ni kung'oa mataruma yote. Na ukishamaliza, bado kila ekseli ya kila behewa na kila kichwa ina magurudumu ya geji ya zamani.

"Basi waongeze chuma cha tatu." Kati ya 1,000 na 1,435 inawezekana, kwa kuwa nafasi ipo. Kati ya 1,000 na 1,067 haiwezekani. Chuma cha reli si waya, kina kitako, na kitako hicho kina upana unaozidi sentimita 10. Nafasi uliyonayo ni sentimita 6.7. Vyuma viwili havikai humo hata uvibembeleze. Utahitaji vyuma vinne, na ukifika kwenye swichi, mahali njia zinapogawanyika, utatamani ungesomea ualimu. Hizi milimita 67 ni mbaya kuliko milimita 435: ni nyingi mno kwa gurudumu kuvumilia, na chache mno kwa fundi kufanyia kazi.

Suluhisho lililopatikana ni Kidatu, ambako tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa, la geji ya mita, linakutana na TAZARA. Tangu 1998 kontena linanyanyuliwa pale kutoka behewa la huku kwenda la kule. Ni suluhisho la kawaida, lisilo na maajabu, na kwa maoni yangu halijawahi kutumiwa inavyostahili.

Tuje kwenye "imekufa kwa sababu ya geji". Reli ilisanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Haikuzifikia kamwe. Miaka yake mizuri ilipita kidogo milioni 1.2, na mwaka wa fedha 2014/15 ikashuka chini ya laki moja. Geji ya mwaka mzuri na ya mwaka mbaya ni ileile! Kilichobadilika ni vingine. Vichwa vya kwanza, DFH vya Kichina, vililemewa na milima, ikabidi miaka ya 1980 vije vya U30C kutoka Ujerumani. Zambia ilifungua tena njia ya kusini, ile ya kupitia Rhodesia, 1978, na ubaguzi ulipoisha Afrika Kusini bandari za kule zikawa mshindani halali. Malori ya Tunduma, mpakani na Zambia, yakajaa. Vichwa vikapungua, njia ikachakaa, sehemu ambazo treni inalazimika kwenda polepole zikaongezeka, safari ikarefuka, mteja akaondoka. Na mteja akiondoka hakuna hela ya kokoto za kutandika chini ya njia.

Kipande cha Mlimba hadi Makambako ndicho kinachonifanya nisiwe na subira na wanaosema "imekufa". Hapo njia inapanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu, ina mahandaki 18 na daraja la Mpanga lenye nguzo za mita 50. Mtu wa Uchindile, kwenye kipande hicho, masika yakikolea hana mjadala wa geji. Ana treni au hana safari.

Mwaka 2025 serikali mbili zilisaini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Kichina CCECC, wa takriban dola bilioni 1.4, kukarabati na kuendesha. Njia itatengenezwa, sina shaka. Shaka yangu ni mbili. Kwanza, mwenye shaba ana Lobito pia, kwa geji hiyohiyo, na fedha za Wamarekani na Wazungu ziko kule. Sifa niliyoitetea hapo juu, kwamba behewa linaenda popote kusini, inamruhusu pia kutugeuzia mgongo. Pili, Tanzania inajenga 1,435 kila upande. Ningeulizwa leo kama ni busara kuifunga TAZARA kwenye 1,067 kwa miaka 30 mingine, ningejibu ndiyo, kwa sababu ya Kapiri, lakini nisingejibu haraka. Ikiwa siku moja Zambia nayo itabadili geji, hoja yangu yote inaanguka, na yule mhandisi wa barabara atakuwa na haki ya kunitumia makala hii.

Kwa sasa haki hiyo hana.