Picha ya ubongo ikitoka safi

Mzee akiuliza swali lile lile mara tatu kabla chai haijapoa, hakosekani wa kusema: "Mpelekeni akapigwe picha ya kichwa, ijulikane moja." Imani hiyo ni ya siku nyingi, na ni nusu ya ukweli.

Picha za CT (za eksirei) na MRI (za sumaku) huonyesha umbo la ubongo. Kazi yake kubwa ni kusaka visababishi vingine vya usahaulifu, mbali na Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu polepole: uvimbe, kiharusi, au damu iliyovilia chini ya fuvu tangu mzee alipoteleza bafuni wiki kadhaa nyuma. Hiyo ya mwisho mara nyingi hutibika, na ndiyo inayonifanya niseme picha ipigwe. MRI huweza pia kuonyesha hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu, ikiwa imesinyaa. Lakini mwanzoni mwa Alzheimer picha yaweza kutoka safi, na mgonjwa akawa mgonjwa vile vile.

Kuna PET ya amiloidi, picha inayosaka protini inayojikusanya kwenye ubongo wenye Alzheimer. Mtu hudungwa dawa yenye mionzi kidogo inayonata kwenye mabonge ya protini hiyo, kisha mashine husoma iliponasa. Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya aina hiyo, florbetapir, mwaka 2012. Hata hapo, takriban mtu 1 kati ya 5 wenye miaka 70 hivi na akili timamu anayo amiloidi, na wengine hufa bila kupata dimenshia, yaani kupotewa na kumbukumbu na fikra hadi kushindwa shughuli za kila siku.

Ndiyo maana daktari mzuri humgeukia kwanza anayeishi na mzee: dawa anameza mwenyewe? Hela ya sokoni bado anaihesabu?